Sura ya Sita: Jemadari Aliyesemwa Hakushindwa

Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu kwenye ncha yake ya kusini, na papo hapo unakuwa mpaka. Mashariki ni Cyangugu na Kamembe, magharibi ni Bukavu. Siku hizi wachuuzi wa nyanya, vitenge na sambaza huvuka daraja asubuhi na kurudi jioni, Kiswahili kikiwa lugha ya kupatania bei pande zote mbili. Aprili 1916 mto huohuo ulikuwa mstari wa mbele wa Vita Kuu ya Kwanza. Ng'ambo ya Kongo lilikaa jeshi la Wabelgiji, Force Publique, lenye maofisa Wazungu na maelfu ya askari Wakongo. Ng'ambo ya Rwanda palikuwa na Wajerumani wachache na kombania zao za askari Waafrika.

Tarehe 19 Aprili kikosi cha Kanali Frederik Olsen, raia wa Denmark aliyelitumikia jeshi la Kongo, kiliitwaa Cyangugu, ambayo siku hizo iliandikwa Shangugu. Kikosi kingine, cha Kanali Philippe Molitor, kilishuka kutoka kaskazini na kuingia Kigali tarehe 6 Mei. Nyanza, makao ya Mfalme Yuhi Musinga, ilifuata mwezi huohuo. Usumbura, Bujumbura ya leo, ilianguka tarehe 6 Juni, na Tabora tarehe 19 Septemba. Ilichukua miezi mitano tu kwa Wajerumani kupoteza Rwanda, Burundi na nchi yote ya kati hadi kwenye Reli ya Kati. Rwanda na Burundi ndizo zilizokuwa na msongamano mkubwa wa watu kuliko sehemu nyingine yoyote ya koloni lao.

Jemadari mkuu wa koloni hilo, Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Hadi leo vitabu vingi vya Ulaya humtaja kama jenerali ambaye hakushindwa.

Haitoshi kuikataa sifa hiyo kwa hasira. Inafaa ipimwe, na hakuna mahali pazuri pa kuipimia kuliko ukingo wa Rusizi, kwa sababu hapa ndipo panapoonekana kilichoachwa nje ya hesabu.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis mwaka 1870. Alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa Luteni Kanali, na nyuma yake kulikuwa na historia nzito. Mwaka 1904 alikuwa ofisa kwenye makao makuu ya Lothar von Trotha huko Namibia, katika vita vilivyowaangamiza Waherero. Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingizwe vitani. Alijua kwamba halina msaada wowote baharini, na kwamba wananchi ndio wangelipa. Lettow aliona vingine. Kwake koloni lilikuwa chambo cha kuwavutia Waingereza wapeleke askari Afrika badala ya Ufaransa. Schnee alikuwa mkubwa wake kwa cheo cha serikali, lakini mwanajeshi ndiye aliyepata alichokitaka.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa Tanga, kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 kutoka India, na Lettow alikuwa na watu kama 1,000. Aliwavunja wavamizi, wakarudi melini na kuacha nyuma mamia ya bunduki na risasi 600,000. Huo ulikuwa ushindi halisi, na aliyesimama imara wakati wenzake wakisitasita anastahili sifa. Lakini Waingereza na kiongozi wao, Jenerali Aitken, walimsaidia sana. Wanamaji wao waliwaarifu watu wa Tanga kwamba mapatano ya amani ya bandari yamevunjwa, kisha Aitken akachelewa kushambulia, akawashusha askari waliochoshwa na safari ndefu ya bahari bila kupeleleza ardhi. Nyuki wa mizingani nao walichokozwa na risasi, wakauma pande zote. Jina kubwa la Lettow lilizaliwa siku ile, na tangu hapo vita vyake vingine vimekuwa vikisomwa kwa mwanga wa Tanga.

Miezi miwili baadaye alishambulia ngome ya Jasini, mpakani na Kenya. Aliitwaa, lakini alipoteza maofisa ambao hakuwa na wa kuwabadilisha na kufyatua risasi zipatazo 200,000. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hazina yake isingebeba vita vya namna ile zaidi ya mara tatu. Jemadari asiye na njia ya kupata askari na risasi mpya alikuwa amenunua ngome ndogo ya pwani kwa bei ambayo hangeweza kuilipa tena.

Kisha ikaja Kondoa. Mapema Mei 1916 Jenerali Jacob van Deventer, Kaburu wa Afrika Kusini, alikuwa amekwama hapo. Wapanda farasi wake walikuwa wameishiwa nguvu, farasi wakifa kwa mbung'o na watu wakiugua malaria. Lettow alikusanya kombania zake bora na kushambulia usiku wa tarehe 9 Mei, yeye mwenyewe akiongoza. Mashambulizi yalirudiwa na kila mara yalirudishwa nyuma, na baadhi ya maofisa wake waliokuwa na uzoefu mkubwa waliuawa. Alfajiri Kondoa ilikuwa bado mikononi mwa van Deventer.

Msomaji aweke tarehe mbili pamoja. Wabelgiji waliingia Kigali tarehe 6 Mei. Siku tatu baadaye jemadari mkuu alikuwa akiumiza kikosi chake kwenye vilima vya Kondoa. Hata wanaompenda hukubali kwamba Kondoa hakushinda. Wanachokwepa ni kulitaja tukio hilo kwa jina lake: alishindwa.

Upande wa Rwanda vita vilikuwa vya mtu mwingine, Kapteni Max Wintgens. Mwakilishi wa Ujerumani aliyejulikana zaidi nchini, Dakta Richard Kandt, ambaye miaka ya nyuma aliishi Shangi kando ya Kivu, alikuwa likizoni Ulaya vita vilipoanza. Wintgens akashika nafasi yake. Septemba 1914 alivuka ziwa na kukitwaa kisiwa cha Ijwi. Alipata msaada wa Musinga, aliyetoa chakula, wapagazi na vijana wa kupigana, ambao Wanyarwanda waliwaita indugaruga. Kwa miezi 20 hivi Wabelgiji walizuiliwa Gisenyi na kandokando ya Kivu.

Wazee wa nchi hii hawakuhitaji kufundishwa bunduki za kigeni zinafanya nini. Mwaka 1896 huko Shangi, kaskazini kidogo ya Kamembe, jeshi la Rwanda lilivunjwa na kikosi kidogo cha Dola Huru ya Kongo chenye bunduki, na kamanda Bisangwa aliuawa. Musinga alipata ufalme mwishoni mwa mwaka uleule, baada ya mapinduzi ya Rucunshu. Alipoungana na Wajerumani mwaka 1914 alikuwa akipima nguvu za wageni wawili na kumchagua yule aliyemjua zaidi.

Ulinzi huo haukuvunjika kwa kukosa ushujaa. Wabelgiji walileta askari wapatao 10,000 kwa pande mbili, Olsen kupitia Rusizi na Molitor kupitia kaskazini, na Wintgens aliona kwamba akingoja atazingirwa. Akarudi nyuma kuelekea Burundi, kisha Tabora. Lettow hakuwa na kombania za kumtumia, maana alikuwa ameziweka kaskazini mashariki kulinda reli ya Usambara na mpaka wa Kilimanjaro. Uchaguzi huo una mantiki yake. Mwenye askari wachache hawezi kulinda kila mto. Lakini ukishachagua kuacha nusu ya nchi, huwezi kudai baadaye kwamba hukuipoteza. Sifa ya kutoshindwa imejengwa kwa kuhesabu mahali alipokuwapo mwenyewe tu. Cyangugu, Kigali, Usumbura na Tabora zimeandikwa kwenye hesabu ya wasaidizi wake.

Wintgens ana mwisho wake wa kushangaza. Februari 1917 alijitenga na jeshi la kusini bila amri ya Lettow, akaenda kaskazini na askari wapatao 500, akipita katikati ya maadui. Alishikwa na homa ya tifasi na kujisalimisha kwa Wabelgiji mwezi Mei, kusini ya Tabora. Heinrich Naumann aliendelea na msafara huo hadi Oktoba. Maelfu ya askari wa Waingereza na Wabelgiji walivutwa kuwafuata. Lettow aliandika baadaye kwa masikitiko kwamba nguvu ile ilitumika mbali na uwanja mkuu wa vita. Kwa kipimo chake mwenyewe, cha kuwashughulisha maadui wengi kwa watu wachache, kapteni wa Rwanda alifanya kazi ambayo sifa zake zote zilimwendea jenerali.

Wapinzani wa Lettow nao wana sehemu katika kumkuza. Jan Smuts alichukua uongozi wa majeshi ya Uingereza Februari 1916, akasonga mbele kwa kasi kuliko chakula na dawa vilivyoweza kumfikia, na kuacha mizoga ya farasi njia nzima kutoka Moshi hadi Morogoro. Januari 1917 alikwenda London na kutangaza kwamba kampeni kwa kweli imekwisha. Ilidumu miezi 22 zaidi. Jenerali aliyesema maneno hayo alihitaji adui mwenye kipaji kisicho cha kawaida, na mwaka 1929 Lettow alikaribishwa London kwenye karamu ya maofisa waliopigana naye. Heshima waliyompa ilifunika pia makosa yao wenyewe. Wabelgiji walifanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Kamanda wao Charles Tombeur alipewa ubaroni wa Tabora, ingawa waliotembea kutoka Kivu hadi Tabora kwa miguu, na kufa njiani, walikuwa Wakongo na Wanyarwanda.

Hoja kubwa ya watetezi wa Lettow ni kwamba alizuia majeshi makubwa yasiende Ulaya. Hoja hiyo inaonekana nzito hadi uulize majeshi yepi. Waafrika Kusini weupe na sehemu ya Wahindi wangeweza kupelekwa kwingine, na kweli hao walitumika hapa. Lakini kufikia mwaka 1917 Waingereza walikuwa wamewarudisha makwao wengi wao, kwa sababu maradhi yaliwamaliza. Vita vikaendeshwa na King's African Rifles. Jeshi hilo lilianza na askari kama 2,300 mwaka 1914 na kufika zaidi ya 30,000 mwaka 1918. Vijana hao wa Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika yenyewe hawangepelekwa kwenye mahandaki ya Ufaransa, na wala askari wa Kongo waliovuka Rusizi. Aliowafunga Lettow Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, ni Waafrika waliokuwa Afrika tayari.

Tena vita hivyo havikuishia kwenye ardhi yake. Oktoba 1917, huko Mahiwa, Lindi, aliwapa Waingereza kipigo kikali. Walipoteza zaidi ya watu 2,000, naye akapoteza kama 500, theluthi ya aliokuwa nao, na karibu risasi zote za kisasa. Wiki chache baadaye aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi mamia kwa mamia washikwe na adui, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Alikuwa na Wazungu 300 hivi, askari 1,700 na wapagazi 3,000. Siku chache baadaye Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa yote mikononi mwa maadui zake. Sehemu kubwa ya mwaka uliobaki aliishi kwa kuvamia ghala za Wareno na mashamba ya wanavijiji. Alikuwa hodari wa kutoroka, pengine hodari kuliko wote wa zama zake. Lakini aliyefukuzwa kutoka nchi aliyopewa kuilinda, na kuhamahama kutafuta chakula, yuko katika hali ambayo kwa jemadari mwingine yeyote ingeitwa kushindwa.

Chakula ndicho kiini cha sura hii, na ndicho kinachokosekana kwenye vitabu vya sifa.

Mbinu iliyosifiwa ya kujitegemea porini maana yake ilikuwa kuchukua nafaka na ng'ombe wa watu, kuchukua wanaume wa kubeba mizigo, na kuteketeza kilichobaki ili adui asikipate. Ludwig Deppe, daktari Mjerumani aliyefuata msafara wenyewe, alieleza bila kuficha jinsi walivyoacha nyuma mashamba yaliyoharibiwa, ghala zilizoporwa na njaa inayokuja. Waingereza na Wabelgiji walifanya hivyo hivyo. Waingereza waliwachukua wapagazi wapatao milioni 1 kwa jumla, na rekodi zao rasmi zinakiri vifo zaidi ya 95,000. Wabelgiji walitumia zaidi ya 200,000. Wajerumani hawakuweka hesabu kamili ya wapagazi wao, na upungufu huo peke yake unatosha kuonyesha jemadari alimhesabu nani.

Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalipita yakikamata mtama na ng'ombe, njaa iitwayo mtunya iliua watu wanaokadiriwa kufika 30,000, mmoja kati ya kila watano. Kaskazini magharibi mwa Rwanda, Bugoyi, ambako majeshi yalikuwa yamekabiliana kwa karibu miaka miwili, ilikuja njaa ya Rumanura. Wanaume walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo, mashamba yamekanyagwa, akiba imeliwa na askari wa pande mbili. Wanyarwanda waliolazimishwa kufuata jeshi hadi nchi za joto, watu wa milimani wasiozoea malaria wala chakula cha huko, walikufa njiani na wengi hawakuandikwa popote. Katika koloni zima wanahistoria hukadiria vifo vya raia kuwa karibu 300,000. Idadi hiyo inazidi mara nyingi idadi ya wote waliokufa kwa risasi katika kampeni nzima.

Mapambo mengine ya hadithi ni utiifu wa askari wake, ambao vitabu vya Kijerumani viliuimba kama mapenzi kwa Mkuu. Ukweli wake ni wa kibinadamu zaidi. Askari walikuwa wafanyakazi wa vita, wenye mishahara, hadhi, wake na watoto waliosafiri nao. Walikaa maadamu jeshi liliwapa riziki na usalama, na wengi waliondoka lilipoacha kuwapa. Waliobaki hadi mwisho walidai haki yao kama mfanyakazi yeyote, na mishahara ya nyuma hawakulipwa vita vilipoisha. Lettow alipata habari za kusimamishwa kwa vita Novemba 1918, baada ya kutoka Msumbiji na kufika Kasama, katika Zambia ya leo, na akasalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 mwezi huo. Wakati huo alikuwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Ulaya ilimpokea kwa gwaride mjini Berlin Machi 1919, akipita Lango la Brandenburg juu ya farasi. Mwaka uliofuata alitoa kumbukumbu zake pamoja na toleo la vijana, na Machi ya mwaka huo alishiriki jaribio la mapinduzi la Kapp dhidi ya jamhuri changa ya nchi yake, akaondolewa jeshini. Taifa lililopoteza vita kila mahali lilihitaji mtu mmoja asiyeshindwa, naye alikuwapo.

Rwanda ilipata urithi tofauti. Kwa makubaliano ya Mei 1919 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Rwanda na Burundi zilikabidhiwa Wabelgiji. Musinga, aliyewapa Wajerumani watu na chakula, hakuaminiwa na mabwana wapya. Novemba 1931 walimvua ufalme, wakamweka mwanawe Rudahigwa, na kumpeleka uhamishoni Kamembe, kilomita chache kutoka mto uleule ambao Olsen aliuvuka. Aliishi hapo karibu miaka 9 kabla ya kuhamishiwa Moba, Kongo, ambako alifia mwaka 1944. Lettow alifariki Hamburg Machi 1964, akiwa na miaka 93, na mitaa na kambi za jeshi vikibeba jina lake. Miaka ya karibuni baadhi ya miji ya Ujerumani imeliondoa. Hannover, kwa mfano, iliipa barabara yake jina la Namibia.

Hukumu ya sura hii ni kwamba Lettow-Vorbeck alikuwa kamanda mzuri sana wa kombania chache kwenye pori, mwenye ujasiri, mvumilivu na mwepesi wa kubadili mpango. Kama jemadari wa nchi nzima yenye mamilioni ya watu alishindwa, na kushindwa kwenyewe kulianza Aprili 1916, Wabelgiji walipovuka Rusizi, mahali ambapo wasifu wake mwingi haupataji kabisa. Mwalimu wa historia wa Kamembe, Bukavu, Kigoma au Dodoma atakayefundisha vita hivi aanze na wapagazi na njaa ya Rumanura, kisha ndipo afike kwa majenerali.